Shukrani iwe na jina na tarehe

Mzazi mwenzangu, mtoto wako akipona homa iliyokunyima usingizi wiki nzima, unafanya nini? Wengi wetu tunasema "Mungu mkubwa", tunawapigia ndugu simu, na mwezi ukipita hatukumbuki hata siku yenyewe ilikuwa lini.

Huko Meksiko Wakatoliki wengi wana desturi ambayo nadhani ina la kutufundisha, hata sisi tusio wa dhehebu hilo. Mtu akipatwa na shida humwomba mtakatifu wake, na humwekea nadhiri kwamba akivuka salama atamshukuru mbele za watu. Akivuka, huenda kwa fundi mchoraji na kumsimulia kisa chote. Fundi humchorea kwenye kipande cha bati, na mwenye nadhiri hulibeba bati hilo hadi kanisani na kulitundika ukutani. Wenyewe huliita retablo.

Ukizitazama picha hizi utaona zinafanana kwa mpangilio. Juu, kwenye mawingu, yuko mtakatifu. Katikati ni tukio lenyewe: mgonjwa kitandani na mkewe amepiga magoti, mtu akianguka kutoka juu ya farasi, mama aliyejifungua kwa taabu. Chini kuna maneno machache yanayotaja jina la aliyeokoka, mahali, siku, mwezi na mwaka. Mara nyingi yameandikwa vilevile watu wanavyozungumza, makosa ya tahajia yakiwemo.

Enzi za ukoloni wa Wahispania, waliochorewa picha za namna hii walikuwa hasa watu wenye fedha. Karne ya 19 bati jembamba likawa rahisi kupatikana, na desturi ikawafikia wakulima, wachimba migodi na akina mama wa vijijini. Mafundi wengi hawakuweka majina yao. Mmoja tunayemfahamu ni Hermenegildo Bustos wa jimbo la Guanajuato, aliyeishi kati ya mwaka 1832 na 1907.

Na si mambo makubwa tu yanayoshukuriwa. Wapo wanaoshukuru kwa ng'ombe aliyepotea akapatikana. Huko San Juan de los Lagos, jimbo la Jalisco, watu humpelekea Bikira Maria hata vyeti vya shule na misuko ya nywele. Na huko Plateros, jimbo la Zacatecas, waumini humpelekea Mtoto Mtakatifu wa Atocha viatu vidogo vya watoto. Wanasimulia kwamba usiku hutoka kwenda kuwasaidia wenye shida, na kwa kutembea sana viatu vyake huisha soli.

Sasa turudi nyumbani kwetu. Nadhiri tunaijua, Waislamu kwa Wakristo. Shukrani tunazitoa pia. Lakini zetu mara nyingi ni za jumla: "Tunashukuru kwa yote." Mtoto anayesikia neno hilo kila siku hajui "yote" ni yapi. Hajui kwamba alipokuwa na miezi minne alilazwa, kwamba jirani ndiye aliyetoa nauli saa nane za usiku, kwamba baba yake aliuza redio ili dawa inunuliwe. Tukimwambia ashukuru, anashukuru nini?

Jambo la pili ni gumu zaidi. Retablo haifichi balaa. Mtu anayeshukuru kwa kutoka gerezani huchorwa akiwa gerezani. Wapo wahamiaji waliochorewa jinsi walivyonusurika kuzama mtoni wakivuka kuingia Marekani. Watafiti Jorge Durand na Douglas Massey walikusanya picha nyingi za wahamiaji na kuchapisha kitabu kuzihusu mwaka 1995. Bila picha hizo, hofu ya familia hizo isingejulikana nje ya nyumba zao.

Sisi tunapenda kusema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni methali nzuri ya kumaliza ugomvi. Lakini wazazi wengi tunaitumia kufunika historia ya nyumba. Matokeo yake, watoto wetu wanadhani maisha yalikuwa hivihivi siku zote, na siku shida inapowafika wanadhani wao ndio wa kwanza kupata shida katika ukoo.

Labda utauliza: vipi kuhusu mzazi aliyeomba na mtoto wake hakupona? Swali hilo ni la haki. Ukuta wa kanisa unasimulia habari za waliookoka. Waliofiwa hawana bati pale.

Hapo ndipo namkumbuka Frida Kahlo, mchoraji maarufu wa Meksiko, ambaye yeye na mumewe Diego Rivera walikusanya retablo nyingi. Mwaka 1925, akiwa na miaka 18, basi alilopanda liligongana na tramu. Alinusurika, lakini maumivu yalimfuata maisha yake yote. Miaka mingi baadaye alipata retablo ya mtu mwingine iliyoonyesha ajali inayofanana na yake. Akaibadilisha kidogo, na chini yake yakaandikwa maneno ya wazazi wake kumshukuru Bikira Maria kwa kumwokoa binti yao.

Lakini mwaka 1932, alipopoteza mimba huko Detroit, alichora pia. Alijichora kitandani hospitalini, akivuja damu, kwenye bamba la chuma kama retablo. Juu ya picha ile hakuna mtakatifu wala hakuna shukrani. Alitumia umbo lilelile la shukrani kueleza msiba. Kwa maoni yangu, naye ana la kutufundisha: lililotuumiza nalo lina haki ya kutajwa kwa jina na mwaka wake.

Basi tufanye nini? Huhitaji bati wala fundi. Chukua daftari moja, liwe la familia. Likitokea jambo, mpe mtoto penseli achore, nawe uandike chini mistari mitatu: nani, wapi, siku gani. Ongeza na jina la binadamu aliyewasaidia, awe muuguzi, mwalimu au dereva wa bodaboda. Kwa matukio ya zamani, waulize bibi na babu wangali hai. Yale ya huzuni yaandike pia, kwa maneno ambayo mtoto wa umri ule anaweza kuyabeba.

Na tahadhari moja. Bati hutundikwa hadharani kwa hiari ya mwenye kisa. Daftari lenu ni la nyumbani. Ugonjwa wa mwanao au kufeli kwake mtihani si habari ya kuweka kwenye status ya WhatsApp kabla hujamuuliza.

Tunalalamika kwamba shukrani ya punda ni mateke, na kwamba watoto wa siku hizi hawana shukrani. Pengine baadhi yao hawajawahi kuambiwa ni nini hasa walichofanyiwa, na nani, na lini. Jioni ya leo anza na kisa kimoja tu.