Dhahabu ya Mkula: ulizia stoo ya baruti kabla ya bei

Bei ya dhahabu imewatia watu joto. Oktoba 2025 wakia moja ilivuka dola 4,000 za Marekani kwa mara ya kwanza, yaani zaidi ya dola 128 kwa gramu. Kwa bei ya namna hiyo, hata rundo la marudio lililokuwa likikanyagwa na mbuzi linageuka mtaji. Si ajabu basi kwamba wafanyabiashara wa Lamadi na Bariadi waliozoea pamba na dengu wanaulizana habari za mashimo na matanki ya Mkula, wilayani Busega.

Safu hii haina ugomvi na hilo. Tatizo ni maswali wanayouliza. Mtu anayetaka kuweka fedha mgodini huuliza gramu kwa tani, huuliza leseni ni ya nani na mgawo utakuwaje. Ni nadra kumsikia akiuliza ukaguzi wa mwisho wa stoo ya baruti ulikuta nini, au mkaguzi alisema nini alipotazama matanki ya kuchenjulia. Mfanyabiashara huyohuyo akinunua pamba huingiza mkono ndani ya gunia kutafuta mchanga na maji.

Tuanze na matanki, maana ndiko wawekezaji wadogo wengi wanakokimbilia. Marudio humwagwa ndani ya tangi la saruji, yakalowekwa kwa siku kadhaa kwenye maji yenye sianidi, kisha maji hayo hupitishwa kwenye kaboni inayonasa dhahabu. Kaboni ndiyo hupelekwa kwenye mtambo wa elusheni kukamuliwa. Kwa siku zote hizo fedha yako imelala ndani ya maji yenye sumu. Maji hayo lazima yawekewe chokaa ya kutosha ili kipimo cha pH kisishuke chini ya 10. Kikishuka, sianidi hugeuka gesi: dawa uliyoinunua kwa bei kubwa inapaa hewani, na mfanyakazi aliyeinama juu ya tangi anaweza kufa. Mkaguzi anapodai kuona chokaa, kipimo na daftari la vipimo, analinda roho ya mtu na faida yako kwa pamoja.

Halafu kuna maji yenyewe. Busega inapakana na Ziwa Victoria, na nchi ile ni ya Wasukuma na ng'ombe wao. Bwawa la topesumu lisilo na uzio wala turubai imara chini yake ni deni linalosubiri siku ya mvua. Jirani zetu wa Tarime wanaijua hesabu hiyo. Mei 2019 NEMC iliutoza mgodi wa North Mara faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi uliotoka kwenye bwawa la topesumu, na Julai mwaka huohuo matumizi ya bwawa hilo yakasimamishwa. Ule ulikuwa mgodi mkubwa wenye wanasheria na akiba benki. Mwenye matanki manne ya Mkula, aliyejengewa kwa fedha za ndugu na rafiki, akisimamishwa miezi miwili hana pa kwenda kukopa.

Baruti nayo haihitaji maneno mengi. Sheria ya Baruti ni ya mwaka 1963, na akili yake bado ni ileile: stoo iwe mbali na makazi, viwashio visilale chumba kimoja na baruti, kila kinachoingia na kutoka kiandikwe, na anayelipua awe na cheti. Beirut, Agosti 2020, tani zipatazo 2,750 za amonia naitreti zilizowekwa ovyo bandarini ziliua watu zaidi ya 200. Kemikali hiyohiyo, ikichanganywa na dizeli kidogo, ndiyo hulipua miamba migodini. Stoo ya mchimbaji mdogo haina tani hizo, lakini nyumba ya jirani haihitaji tani.

Wapo wachimbaji wanaosema ukaguzi ni usumbufu, kwamba mkaguzi huja kufunga na kuondoka. Wana hoja kidogo. Amri ya kusimamisha kazi isiyo na tarehe ya kurudi kukagua inamfundisha mtu kuingia usiku. Simiyu imeyaona matokeo ya amri kupuuzwa. Huko Ng'alita, wilayani Bariadi, Januari 13, 2024, watu 22 walifukiwa na kifusi wakafa. Hakukuwa na baruti wala sianidi katika habari ile. Eneo lilikuwa jipya, mvua zilikuwa kubwa, na Afisa Madini wa Mkoa alikuwa ameshafika na kuzuia uchimbaji kwa muda. Watu waliingia hata hivyo.

Serikali ikitaka kuhesabu, inajua kuhesabu. Tangu masoko ya madini yaanze kufunguliwa mwaka 2019, dhahabu ikifika mezani hupimwa hadi sehemu ya gramu na mrabaha hukatwa papo hapo. Mwaka 2017 iliongezwa hata ada ya ukaguzi ya asilimia 1 ya thamani ya madini. Kwa maoni yetu, ukali huo wa mezani ufike pia kwenye mlango wa stoo ya baruti, na Tume ya Madini ibandike pale sokoni matokeo ya kila ukaguzi: mgodi gani, kasoro gani, mkaguzi atarudi lini. Mwenye mgodi safi atapata wabia kwa urahisi, na mchafu atalazimika kueleza.

Karatasi hiyo isipokuwapo, mwenye fedha adai mwenyewe. Kabla ya kusaini lolote aombe kuona daftari la baruti, ripoti ya mwisho ya ukaguzi yenye mhuri, na kibali cha kemikali kutoka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Akiambiwa viko Mwanza vitaletwa kesho, fedha nayo ikae Mwanza hadi kesho.