Samaki Mbichi na Bei ya Dunia

Ye yote aliyefika mapema ufukoni hapa Kalemie, baada ya usiku usio na mwezi, ameyaona haya. Wavuvi warudi na taa zao, mitumbwi imejaa ndagala. Mama mwenye mahali pa kuanika huwatandaza juani, akangoja siku ya bei nzuri. Asiye na mahali hana budi kuuza siku ile ile, kwa bei yo yote atakayotajiwa, maana samaki mbichi hamngoji mtu.

Nchi nazo ni vivyo hivyo. Mwaka 1974 bei ya shaba ilipanda sana, na Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati ule, ilikuwa ikikopa fedha nyingi kwa kuitumainia. Kabla ya mwaka kwisha bei ilianguka kwa zaidi ya nusu, na huku petroli ilikwisha kupanda tangu mwaka 1973. Wachimbaji wa Kolwezi hawakukosa neno. Viwanda vya ng'ambo vilipunguza kununua, basi. Lakini deni lilibaki, nalo liliwaelemea watu wasioiona hata senti yake moja.

Leo jaribu hilo lipo mlangoni petu. Manono, palipochimbwa bati zamani, pana hazina kubwa ya litiamu, madini ya betri za motokaa. Mwishoni mwa mwaka 2022 bei yake ilikuwa juu mno. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya robo tatu, kwa kuwa migodi mingi ilifunguliwa duniani, na wenye viwanda walikuwa na akiba ghalani.

Mtu atasema, “Tuyazuie madini mpaka bei ipande.” Kwa kobalti jambo hilo lilifanyika: Februari 2025 serikali ilisimamisha kuiuza nje, na Oktoba ikaweka kiasi maalum. Bei ikapanda, kwa sababu zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka kwetu. Lakini litiamu wanayo pia Australia, Chile na China. Tukizuia sisi, watauza wao.

Yatupasa basi tupate mahali pa kuanika: umeme wa kusafishia madini papa hapa, reli iliyo nzima mpaka ziwani, na mafundi wetu wenyewe. Hayo hayapatikani kwa mwaka mmoja. Wazazi, msimtoe mtoto shuleni kwa sababu ya fedha za haraka za mgodini. Nanyi wanafunzi, shikeni hesabu na kemia. Na tuwaulize viongozi wetu, kila bei inapopanda, wameweka nini kwa ajili ya siku itakaposhuka.

Akiba haiozi, samaki mbichi huoza.