Mizani haina mdomo
Na Chelangat Bett

Mwezi uliopita nilimsindikiza mama kituo cha kununulia chai, huku kwetu Bomet. Kabla ya kutoka nyumbani alikuwa amepima gunia lake kwa mizani ya springi, ikasoma kilo 14. Kituoni karani akalitundika kwenye ndoano ya mizani ya kielektroniki. Namba zikacheza, zikatulia kwenye 12.4.

"Kogo, mizani imesema kumi na mbili nukta nne," kijana akamwambia mama, akimwita bibi kwa lugha yetu, kidole tayari kwenye kitufe cha risiti.

Mama akamshika mkono. "Mizani haina mdomo, mwanangu. Wewe umeona nini?"

Swali hilo halijanitoka. Sikilizeni tunavyozungumza kutwa: mtandao umegoma, simu imekula bando, mfumo umekataa. Viambishi bado vinajua tunataja vitu, maana hakuna anayesema simu "amekula". Kilichovuka mpaka ni kitenzi. Kugoma na kukataa ni mambo ya mwenye nia. Mara nyingi hakuna ubaya, na kifaa kinachopima, kuhesabu na kutuma taarifa chenyewe kweli kinamkaribia mtu kuliko panga linavyomkaribia. Ubaya huanza pale kitenzi kinapomficha binadamu.

Katika nchi hii ya chai, sentensi iumayo kuliko zote ni "mashine imetufuta kazi". Mashine ya kuchuma chai wengi mmeiona: watu wawili wameibeba, mmoja upande huu wa michai na mwenzake upande ule, injini inanguruma, wembe unakata, majani yanapeperushwa mfukoni nyuma. Akili haina hata chembe. Hata hivyo Mei 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa Kericho kana kwamba ni adui aliyekuja kwa miguu yake, polisi wakafika, damu ikamwagika. Uchungu ule naujua. Nimesoma na watoto ambao karo yao ilitoka kwenye vidole vya mama zao, majani mawili na chipukizi, gunia baada ya gunia. Lakini chuma kile kilichoteketea hakikuketi kikaoni kulinganisha bei ya petroli na ujira wa vibarua. Walioketi ni watu.

Na sheria yawajua. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 hakimtaji mfuta kazi mwingine ila mwajiri. Kazi ikipungua, ni yeye anayetakiwa kutoa notisi ya mwezi mmoja au zaidi, kumjulisha afisa wa leba, na kumlipa mfanyakazi ujira wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliotimiza. Wenye mashamba husema mashine ni chombo tu, nami nakubali kabisa. Basi chombo kina mwenyewe, na huyo mwenyewe ndiye tunayemtaka mezani, pamoja na hesabu zake.

Hata kwa vifaa vyenye akili zaidi, mlango upo. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Kulinda Data ya 2019 kinampa Mkenya haki ya kutofungwa na uamuzi uliofanywa na mfumo peke yake, ikiwa uamuzi huo unamgusa kwa uzito, na haki ya kuomba ufikiriwe upya. Ni wangapi wamenyimwa mkopo na simu, wakainama kama walioambiwa na Mungu? Ulizeni. Andikeni barua. Mtu yupo mahali fulani aliyeipangia simu ile nani apewe na nani anyimwe.

Kule kituoni, karani aliondoa kidole kwenye kitufe. Akainama akachungulia chini ya gunia: kitako chake kilikuwa kimeegemea ubao wa rafu, na ubao ulikuwa umebeba sehemu ya chai ya mama. Akalisogeza hadi likaning'inia wazi. 13.9.

"Nimeona kumi na tatu nukta tisa, Kogo," akasema, akachapisha risiti. Mama akaifunga kwenye pindo la leso.