Kidonge bila kupima presha? Shauri yako!

Leo naleta jambo ambalo masela wengi hulinong'ona tu.

Vijiweni nasikia vijana wakipeana majina ya vidonge vya nguvu za kiume. Mtu ana miaka thelathini, kifua kama mlango, anaingia duka la dawa akiangalia pembeni kama mwizi wa kuku, ananunua, anapotea. Hapimi presha wala sukari. Mimi namwona kama fundi anayepaka rangi ukuta wenye ufa.

Nisikilize. Ndani ya kila mshipa wa damu kuna utando wenye unene wa seli moja tu. Seli hizo zimepakana na damu yenye oksijeni tele, lakini haziitumii sana. Nguvu zake nyingi hutokana na kuvunja sukari haraka haraka bila oksijeni, nayo oksijeni inaachwa iende kwenye misuli na ubongo. Wastaarabu kweli!

Kazi yake moja kubwa ni kutoa gesi iitwayo naitriki oksaidi, inayoulegeza mshipa ili damu ipite. Kwa kuigundua kazi ya gesi hiyo mwilini, Wamarekani watatu, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Mwaka huo huo Viagra iliruhusiwa Marekani, na yenyewe inaitegemea gesi hiyo hiyo. Gesi ikiwa haba, hata kidonge kinagonga mwamba.

Noma inaanza sukari ikizidi kwenye damu. Seli za utando ule haziwezi kuifungia mlango. Inamiminika ndani, vinu vidogo vya nguvu viitwavyo mitokondria vinazidiwa, vinatoa sumu kama daladala bovu linavyotoa moshi mlimani. Sumu hiyo inaiharibu gesi yetu. Mshipa unakakamaa, mafuta yanajipenyeza ukutani, njia inakuwa finyu. Sigara nayo inachochea balaa hilo hilo. Ikiziba kichwani ni kiharusi. Ikiziba moyoni ni shambulio la moyo.

Sasa mishipa ya kule chini ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo mara nyingi ndiyo inayogoma mwanzo, pengine miaka kadhaa kabla. Siyo kila mara, maana mawazo na pombe navyo vimo. Ila ukiona mgomo, mwili unakupa taarifa. Na kina dada msicheke, kiharusi hakichagui suruali wala sketi.

Tufanyeje? Tembea, kimbia, cheza mpira. Damu ikienda kasi inausugua ukuta wa mshipa, na seli hujibu kwa kutoa gesi zaidi. Misuli inayofanya kazi nayo hufyonza sukari hata bila kungoja insulini. Sigara tupa. Nenda kapime presha na sukari, ni suala la dakika chache. Na kama unatumia dawa za moyo za jamii ya naitreti, kidonge kile usikiguse kabisa: presha inaweza kuporomoka ghafla, tukakuzika.

Mwambie daktari ukweli wote. Ameshasikia makubwa kuliko hayo yako.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.