Mambo ya Shamba: Nzige na Mchwa Wakata-Nyasi

Juma hili twawalinganisha wadudu wawili walao majani katika nchi kavu. Kamere, upande wa kusini wa Ziwa Naivasha, ni nchi ya namna hiyo, kwa kuwa milima ya Nyandarua huzuia mvua nyingi isiifikie. Mfugaji akiona malisho yamebaki udongo mtupu, yampasa amjue adui yake kabla ya kushika dawa.

Wa kwanza ni nzige wa jangwani. Huyu ni mgeni. Akiwa peke yake hana madhara makubwa, lakini mvua zikinyesha jangwani huzaliana upesi, na wakisongamana hubadilika rangi na tabia, wakaandamana kama jeshi. Kundi huweza kusafiri hata kilometa 150 kwa siku likifuata upepo. Kila nzige hula kiasi cha uzito wake kwa siku, yaani gramu 2 hivi. Ni kidogo, lakini kilometa moja ya mraba huweza kuwa na nzige milioni 40 au zaidi. Mwisho wa mwaka 2019 waliingia Kenya, yakawa mavamizi makubwa kuliko yote yaliyoonekana nchini kwa miaka 70.

Wa pili ni mchwa wakata-nyasi. Huyu ni mwenyeji. Hajengi kichuguu, kwani makao yake yamo chini ya ardhi. Mchwa wengi ni vipofu na hulikimbia jua, bali wafanyakazi wa aina hii wana macho, nao hutoka hata mchana kukata nyasi na kuzikokota tunduni. Dalili yao ni vitundu, udongo uliolegea, na vipande vya nyasi mlangoni. Madhara huzidi wakati wa ukame na mahali palipolishwa kupita kiasi, maana ng'ombe na mchwa hugombea jani lile lile.

Basi, nzige hupenda majani mabichi, na mchwa huvuna makavu. Nzige hawashindwi na mtu mmoja kwa kupiga debe. Habari zipelekwe mapema kwa chifu au afisa wa kilimo, kabla tunutu hawajaota mabawa. Lakini kwa mchwa, yafaa kupunguza mifugo na kuyapumzisha malisho kwa zamu, nyasi zipate kuifunika ardhi. Wala si vema kuwamaliza, kwani mashimo yao huingiza maji na hewa udongoni. Mgeni afukuzwe, na mwenyeji tukae naye kwa akili.