Msilichome daftari la mama

Tulipomaliza khitma ya mama, pale Tanga, watu walianza kupanga nyumba. Nguo na vyombo viligawiwa. Makaratasi yalipelekwa uani kuchomwa pamoja na takataka. Niliwahi kuokoa daftari moja tu, lile la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma.

Ni la mwaka 1983. Mama anaandika bei ya mchele, zamu yake ya kwenda kupanga foleni duka la kaya, kisha katikati ya hesabu: leo sabuni hakuna, nimefulia majani ya mpapai, nimeona haya jirani aliponikuta. Nilisoma mstari huo mara nne. Uhaba wa miaka ile nimeusoma sana vitabuni, lakini haya ya mama yangu sikuwahi kuyasoma popote.

Nyaraka za Taifa pale Dar es Salaam zinatunza majalada ya utawala wa Wajerumani, na mwaka 1997 UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya kumbukumbu za dunia. Ni hazina, sibishi. Ila humo anayeandika ni mtawala, na bibi zetu ni watu wa kuandikwa tu.

Italia upo mji mdogo, Pieve Santo Stefano, ambao Wajerumani waliulipua mwaka 1944 wakiwa wanarudi nyuma. Mwaka 1984 mwandishi wa habari Saverio Tutino alianzisha hapo hifadhi ya shajara na barua za watu wa kawaida. Ufasaha si sharti. Mkulima mmoja, Clelia Marchi, alifiwa na mumewe mwaka 1972. Akachukua shuka la kitanda ambalo hakuwa tena na wa kulilalia naye, akaandika humo maisha yao, mstari chini ya mstari. Leo shuka hilo limetundikwa katika makumbusho ya mji huo. Sisi tuliozoea kuusemesha moyo kwa kanga tunamwelewa bila mkalimani.

Dada yangu anasema marehemu husitiriwa. Ni kweli, na ndiyo maana naomba maktaba za mikoa zipokee madaftari haya kwa ridhaa ya familia, na yale ya siri yafungiwe hata miaka thelathini. Moto haumsitiri mama, unamfuta.

Daftari lake nimelifunga kwenye kanga yake ya mwisho. Natafuta pa kulipeleka.