Kufahamiana kikazi si kama kujuana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe maoni yangu juu ya mitandao ya kufahamiana kikazi, hasa ule uitwao LinkedIn, ambao walimu wenzangu wengi bado wanauona ni kitu cha mabwana wa mabenki Dar es Salaam.

Mtandao huo ulifunguliwa Marekani mwaka 2003. Mtu hujiandikisha bila malipo, akaeleza elimu yake, kazi alizofanya na ujuzi alionao, kisha akaomba kufahamiana na watu wa kazi kama yake. Mimi sikuwa na haraka nao. Neno "kujuana" tunalijua vizuri katika nchi yetu, na tunajua limewanyima wangapi kazi walizostahili. Ukiambiwa uingie mahali ili ujuane na watu, lazima usite.

Lakini, Ndugu Mhariri, kuna kujuana na kujuana. Mjomba aliye ofisini hana haja ya kujua kama unaweza kufundisha. Huku, angalau, mtu anakuandikia kwa sababu ya kazi uliyoieleza. Kazi ya mwalimu wa kijijini imo katika jalada lililoko wilayani, nalo hufunguliwa anapopandishwa daraja, anaposhitakiwa au anapostaafu. Miaka yote aliyowafundisha watoto wa darasa la kwanza kusoma haionekani popote.

Mwaka jana nilieleza huko namna ninavyofundisha makumi na mamoja kwa vijiti vilivyofungwa kumi kumi, katika darasa la watoto zaidi ya tisini. Mwalimu mmoja wa Mkoa wa Mbeya, ambaye hatujaonana mpaka leo, akanijibu kwamba yeye huwaachia watoto wenyewe wafungue fungu la kumi kabla ya kutoa, mwalimu asiwafungulie. Nilijaribu. Watoto waliokuwa wakikwama kwenye 32 kutoa 17 sasa wanafungua fungu bila kuambiwa. Tunayo MEWAKA, ambamo walimu hukutana shuleni kufundishana, na ni mpango mzuri, ila sisi tuko saba tu na tumekwisha kuambiana karibu yote tunayoyajua.

Wapo wanaosema kwamba mwalimu anayejiandikisha huko anatafuta kukimbia kijiji. Hilo sikubaliani nalo. Walimu walikuwa wakihama vijijini kabla simu hizi hazijafika, na wengi niliowaona wakiondoka walichoshwa na upweke na kutothaminiwa. Tena hata akitaka kuhama, ni heri atafute mwenzake wa kubadilishana naye kituo hadharani kuliko kupita mlango wa nyuma.

Hata hivyo tusiingie kama kondoo. Mtandao huo ulinunuliwa na kampuni ya Microsoft mwaka 2016 kwa zaidi ya dola bilioni 26, na hupata fedha kwa matangazo na kwa waajiri wanaolipia kutafuta watu. Si msaada. Mwaka 2012 wezi waliiba maneno ya siri ya mamilioni ya wanachama wake. Na yeyote anayekuahidi kazi ya ng'ambo kisha akakudai ada kwanza, huyo ni tapeli, hata akiweka picha ya suti na tai.

Ama kuhusu lugha, Kiingereza kinatutisha bure. Hakuna anayemkataza mtu kueleza kazi yake kwa Kiswahili, na mimi hufanya hivyo.

Naviomba vyuo vya ualimu viwafundishe wanachuo kuandika maelezo ya kazi zao kabla hawajatawanywa vijijini. Hali kadhalika, halmashauri zenye kompyuta katika vituo vya walimu zivifungue siku ya Jumamosi, kwa kuwa siku nyingine tuko darasani, na kifurushi cha intaneti tunanunua kwa mshahara wetu.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mkoa wa Singida.